Kemal Amekufa, Sasa Tutazame Nini?

Saa ya Burundi iko nyuma ya saa ya Tanzania na Kenya kwa saa moja, na jambo hilo dogo lina uzito kwa mtu wa Muyinga anayefuatilia tamthilia za Dar es Salaam kwa king'amuzi. Kipindi cha saa tatu usiku kule, kwake ni cha saa mbili. Kikiisha, kipenzi chake kazikwa, mwovu kaponea chupuchupu, na ukutani bado ni saa tatu tu. Ni mapema mno kulala, na hata akijilaza usingizi hauji. Maswali yanayozuka sebuleni saa hiyo, Muyinga na Gitega, mhakiki wa vipindi vya televisheni anayajibu hapa.

Swali: Kwa nini mtu asizime televisheni tu, akalala?

Jibu: Kuzima anaweza, ila moyo hauna swichi. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza tangu mwaka 1971 kwamba msisimko wa jambo moja hauishi papo hapo. Hubaki mwilini ukaingia katika jambo linalofuata. Ndiyo maana aliyetoka kutazama saa nzima ya usaliti na sumu anaweza kumfokea mtoto kwa sababu ya kikombe kilichomwagika. Mwaka 1988 Zillmann huyo huyo aliandika jinsi watu wanavyochagua vipindi ili kutuliza hali ya moyo, mara nyingi bila wenyewe kujua kwamba wanajitibu.

Hekima hiyo ni kongwe kuliko televisheni. Katika mashindano ya Athens ya kale, mtunzi alionyesha tanzia tatu, kisha akaleta mchezo wa mzaha wenye viumbe nusu mtu nusu mnyama. Karibu na nyumbani, wakazi wa Dar es Salaam wa miaka ya 1980 na 1990 wanayakumbuka maonyesho ya vikundi vya Muungano na TOT, ambapo jioni moja ilibeba ngoma, sarakasi, maigizo, kichekesho na taarabu. Mtu alilia, akacheka, akaenda kuwatunza waimbaji.

Swali: Basi kichekesho chochote kinatosha?

Jibu: La. Kichekesho kinachofaa baada ya tamthilia nzito ni kile ambacho ndani yake hakuna kikubwa cha kupoteza. Mfano mzuri ni Vitimbi ya Kenya, ambamo marehemu Mzee Ojwang', aliyefariki Julai 2015, alikuwa akizozana na Mama Kayai. Ugomvi wao ni wa nyumbani na wa majirani, na mtazamaji anajua toka mwanzo kwamba hakuna atakayechinjwa. Papa Shirandula ya Citizen TV ni vivyo hivyo: mlinzi wa geti anayewaficha watu wa kwao kazi anayoifanya mjini. Hofu kubwa kuliko zote ni kwamba mke atagundua. Charles Bukeko, aliyeigiza nafasi hiyo, alifariki tarehe 18 Julai 2020, na tangu hapo kicheko chake kina chumvi kidogo ya majonzi, lakini bado kinapoza.

Kuna vichekesho vyenye meno pia. Ze Comedy, iliyoanza EATV kisha ikahamia TBC kwa jina la Orijino Komedi, iliwaiga wakubwa na watu mashuhuri bila huruma. Waigizaji wake Joti na Masanja Mkandamizaji wanavunja mbavu, hakuna ubishi. Ila kejeli inataka akili iliyo macho, na aliyechoka kwa kulia hana nguvu ya kukumbuka ni nani anayesemwa. Iwekwe kwa Jumamosi mchana.

Swali: Gitega wengi wanazungumza Kirundi na Kifaransa. Je, vichekesho vya Kiswahili vinawahusu?

Jibu: Hapa ndipo penye kiini. Tamthilia nzito hueleweka hata kwa nusu ya maneno. Machozi, muziki na kofi la uso vinajitafsiri vyenyewe. Lakini utani hausubiri tafsiri. Anayeeleweshwa na jirani yake anacheka kwa adabu tu, na kicheko cha adabu hakipozi kitu.

Muyinga una bahati yake. Mji uko kwenye njia ya kwenda mpakani Kobero, biashara na Ngara ni ya kila siku, Waislamu wake wamekizoea Kiswahili tangu zamani, na wapo waliokulia katika kambi za wakimbizi za Tanzania kama Lukole na Mtabila, wakacheza kwa Kiswahili kabla hawajaijua nchi ya wazazi wao. Kwa watu hawa, mchekeshaji King Majuto hahitaji mkalimani. Amri Athumani, ndilo jina lake halisi, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki Agosti 2018, na filamu zake zinachekesha kwa namna anavyolikokota neno hata kabla ya maana yake kufika. Ukizitafsiri, umebaki na mzee anayelalamika.

Kwa familia ya Gitega ambayo Kiswahili chake ni cha sokoni, ushauri ni tofauti: itafute kicheko katika lugha ya jikoni. Kigingi anachekesha jukwaani kwa Kirundi, na wakubwa hawajalisahau kundi la Ninde walilolijua kupitia RTNB. Kinyarwanda nacho kiko jirani mno na Kirundi, kwa hiyo tamthilia za vichekesho Seburikoko na Papa Sava, zote mbili zikiwa na Niyitegeka Gratien, zinaingia sikioni bila kubisha hodi. Papa Sava ina faida nyingine: vipande vyake ni vifupi, na bando halilalamiki sana.

Na kama sebule ina bibi wa Kirundi, mjukuu wa Kifaransa na mgeni wa Kiswahili, jawabu ni Mr. Bean. Tangu tarehe 1 Januari 1990 mtu huyo hajawahi kusema la maana, na hilo ndilo lililomvusha mipaka. Vipindi ni 15 tu, kila kimoja chini ya nusu saa.

Swali: Tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili zote ni za kulia?

Jibu: Sifa hiyo mbaya imetoka kwa Waturuki. Kara Sevda, iliyorushwa Uturuki kati ya 2015 na 2017 na kushinda tuzo ya Emmy ya kimataifa, inamtesa shujaa wake Kemal msimu baada ya msimu, kisha inamuua. (Ambaye hajafika mwisho atasamehe, kichwa cha makala kilikwisha kumsaliti.)

Lakini ipo Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina ya vipande 36 iliyoonyeshwa na TBC mwaka 2011. Muuguzi Doudou anaolewa na kijana ambaye wazazi wake waliachana, hivyo anajikuta na wakwe wa kike wawili kwa bei ya mmoja. Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013, heshima ambayo wakwe wachache duniani wameipata. Upole wake ni wa kweli: wanagombana kwa mambo ya nyumbani, wanapatana, maisha yanaendelea. Kwa mhakiki huyu, hakuna kipindi kinachofaa zaidi kumshusha mtu kutoka mlima wa Kituruki, maana sauti za Kiswahili ni zile zile za tamthilia, ila moyo umepumzishwa.

Swali: Je, ni uvivu kurudia kipindi ambacho mtu anakijua kwa moyo?

Jibu: Si uvivu hata kidogo. Mwaka 2013 mtafiti Jaye Derrick wa Marekani alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ulimwengu wa hadithi uliozoeleka humrudishia nguvu mtu aliyechoka kujizuia. Watoto wanalijua hili bila utafiti.

Swali: Bora kutazama peke yako au na wenzako?

Jibu: Na wenzako. Robert Provine, aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, alikuta kwamba watu hucheka mara 30 zaidi wakiwa pamoja kuliko wakiwa peke yao. Simu na visikizio vya masikioni vinafaa kwa tamthilia, kwa kuwa kulia ni siri ya mtu. Kichekesho kihamie sebuleni.

Swali: Burundi yenyewe haina filamu ya kuchekesha?

Jibu: Inayo, na ni ya kwanza kabisa. Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992, ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya nchi hii, na nchi ilichagua kuanza kwa kujicheka. Gito anarudi kutoka Ufaransa na shahada yake akiamini uwaziri unamsubiri. Haumsubiri. Wapenzi wake wawili, Mrundi na Mfaransa, wanakutana, wanaelewana, na wanamtia adabu kwa pamoja. Kila familia ya Gitega ina mjomba wa aina hiyo, na vizuri asialikwe siku ya kuitazama.

Swali: Na umeme ukikatika katikati ya kicheko?

Jibu: Nchi hii ililelewa na redio kabla ya televisheni, ambayo ilianza mwaka 1984 tu, kwa hiyo redio ya betri ikae karibu. Waliokwisha kuona kipindi wanaweza kuwamalizia wenzao gizani, kwa sauti na kwa mikono ambayo hakuna anayeiona. Mr. Bean ndiye mgumu kusimuliwa, kwa kuwa hana maneno. Inaudhi kidogo ukikumbuka kwamba Rowan Atkinson anayemwigiza, kabla ya kuvaa tai ile nyekundu, alisomea uhandisi wa umeme hadi shahada ya pili huko Oxford.