Uranusi: Sayari Iliyolala Ubavu

Sayari tano zionekanazo kwa urahisi kwa macho matupu zina majina ya tangu zamani katika lugha yetu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Uranusi, sayari ya saba kutoka kwenye Jua, haina jina la namna hiyo, kwa kuwa hakuna taifa la kale lililoitambua kuwa ni sayari. Mwalimu akikuta kitabuni majina kama Kausi au Sarateni yametumiwa kwa sayari za mbali, na afahamu kuwa asili yake ni majina ya buruji, yaani Mshale na Kaa. Mimi naona ni afadhali kulitumia jina Uranusi, ambalo ni la mungu wa mbingu wa Wayunani wa kale, kuliko kuwachanganya vijana.

Ugumu wa kuifundisha sayari hii ni kwamba mwanafunzi hana alichopata kukiona. Mwalimu huandika ubaoni kwamba umbali wake kutoka kwenye Jua ni kilomita 2,870,000,000. Mwanafunzi huinakili tarakimu hiyo, huijibu katika mtihani, na asipate picha yoyote. Heri darasa litoke nje, liende uwanjani. Iwekwe punje moja ya mbaazi chini, iwe ndiyo Jua, na hatua moja ya kawaida ihesabiwe kuwa umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua, yaani kilomita milioni 150. Mshtarii utakuwa kwenye hatua ya 5, Zohali kwenye hatua ya 9 na nusu, na Uranusi kwenye hatua ya 19. Kwa kipimo hicho Uranusi, ambayo upana wake ni mara nne ya ule wa Dunia, itakuwa chembe ndogo ya mchanga. Nayo Dunia haitaonekana kwa jicho ila kwa shida. Mwanafunzi aliyesimama kwenye hatua ya 19 na aitazame ile mbaazi. Nuru ya Jua huchukua dakika 8 na kidogo kwa kila hatua, kwa hiyo humfikia baada ya saa 2 na dakika 40 hivi. Tena nuru hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali: 19 mara 19 ni 361. Sasa baridi ya huko, ambayo katika anga ya juu hufikia nyuzi 220 na zaidi chini ya sifuri, haitamshangaza mtu.

William Herschel aliiona sayari hii tarehe 13 Machi 1781, huko Bath, Uingereza, kwa darubini aliyoiunda mwenyewe. Kwanza alidhani ni nyota yenye mkia. Hesabu za njia yake ndizo zilizothibitisha kuwa ni sayari. Hata hivyo yeye hakuwa wa kwanza kuiona. Mwaka 1690 John Flamsteed alikuwa ameiandika katika orodha yake kama nyota ya kawaida, nyota ya 34 katika kundi la Ng'ombe. Kuona na kutambua ni mambo mawili.

Jambo linalowapendeza vijana kupita yote ni mlalo wa sayari hii. Mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23 na nusu. Wa Uranusi umeinama nyuzi 98, hata twaweza kusema imelala ubavu. Chukua chungwa, lichome kijiti katikati, uwashe kandili juu ya meza, kisha mwanafunzi aizunguke meza polepole akiwa amekilaza kijiti. Karibu kila mwanafunzi hukosea hapa: hugeuza mkono wake ili kijiti kiielekee taa wakati wote. Mwalimu amzuie. Ncha ya kijiti lazima ielekee upande ule ule wa chumba, tuseme ubao, tangu mwanzo wa mzunguko hata mwisho. Akifanya hivyo, darasa zima litaona ncha moja ikipata mwanga katika nusu ya safari na kukaa gizani katika nusu ya pili. Na kwa kuwa Uranusi huchukua miaka 84 kulizunguka Jua, mchana wa ncha hiyo ni wa miaka 42, na usiku wake kadhalika, ingawa sayari yenyewe hujizungusha kwa saa 17 na robo tu. Sababu ya kulala hivyo yadhaniwa kuwa ni kugongwa na gimba kubwa hapo kale, lakini hilo bado ni dhana, na lifundishwe kama dhana.

Wataalamu huiita Uranusi, pamoja na Neptuni, jitu la barafu. Jina hili hupotosha. Chini ya anga ya haidrojeni na heliamu kuna mchanganyiko wa maji, amonia na methani uliogandamizwa mno, wenye joto la maelfu ya nyuzi. Hapana pa kusimama. Rangi yake ya samawati yenye ukijani hutokana na methani, ambayo hufyonza nuru nyekundu.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba Zohali peke yake ndiyo yenye pete. Tarehe 10 Machi 1977 wataalamu waliokuwa ndani ya ndege yenye darubini, juu ya Bahari ya Hindi upande wa kusini, walingojea Uranusi ipite mbele ya nyota fulani. Kabla ya nyota kufichwa na sayari, nuru yake ilififia mara tano kwa vipindi vifupi. Baada ya kutokea upande wa pili, ikafifia tena vivyo hivyo. Mtu akiipitisha taa nyuma ya nguzo za ua ataona jambo hilo hilo. Ndivyo pete zilivyogunduliwa. Leo zajulikana 13. Chombo kilichoikaribia sayari hii ni kimoja tu, Voyager 2, kilichopita tarehe 24 Januari 1986.

Mwisho, hesabu moja ya kufanywa darasani. Mizunguko minne ya miaka 84 ni miaka 336. Ukiijumlisha na 1690 wapata 2026. Maana yake ni kwamba mwishoni mwa mwaka 2026 Uranusi hurejea mahali pale pale alipoiona Flamsteed, kusini kidogo ya Kilimia. Usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa za mji, darubini ndogo ya macho mawili yatosha. Wanafunzi wachore nyota zote waonazo mahali hapo, warudie baada ya majuma mawili, kisha walinganishe michoro na kutafuta ni ipi iliyosogea.