Kazi Ikikosekana, Nyumba Hula Nini?

Mtu akisimama leo pale Makambako, zinapokutana njia za Iringa, Mbeya na Songea, huona malori yaliyosheheni mbao, viazi na mahindi yakielekea Dar es Salaam. Huona pia vijana wengi wanaoishi kwa ujira wa kutwa: wapakiaji, wapasua mbao, vibarua wa mashamba. Malori yakiwa mengi, vijana hao hula. Yakipungua, hukaa wakingoja. Ni wachache wawezao kueleza kwa nini yamepungua, maana sababu yake haiko Makambako. Huenda iko katika mji ambako majenzi yamesimama, au katika nchi ambayo hawataiona kamwe.

Jambo hili si geni katika nchi ya Njombe. Wazee wetu walikutana nalo zaidi ya miaka 90 iliyopita, nao wakapona kwa shida. Tumeona vema tulitazame pamoja juma hili, kwa kuwa lina funzo kwa kila nyumba, iwe ya mkulima au ya mtu wa mshahara.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1929 bei za hisa zilianguka ghafula katika soko la New York. Wengi waliokuwa wamekopa ili wanunue hisa wakashindwa kulipa, na baadaye mabenki mengi yakafungwa. Viwanda vilivyokosa wanunuzi vikaachisha watu kazi. Nao walioachishwa, kwa kuwa hawakuwa na fedha, wakaacha kununua, na kwa hiyo viwanda vingine vikafungwa. Hivyo ndivyo msiba wa namna hii unavyokwenda: kila apotezaye kazi humpotezea na mwenzake. Kufikia mwaka 1932 Ujerumani ilikuwa na watu wapatao milioni 6 wasio na kazi. Huko Marekani, mwaka 1933, karibu mtu 1 katika kila wafanyakazi 4 hakuwa na kazi.

Je, mtu wa Njombe wa siku zile alihusikaje na soko la New York? Alihusika kwa njia ya mkonge. Tanganyika iliuza katani yake ng'ambo, ikasokotwa kuwa kamba za meli na za kufungia mavuno. Wanunuzi walipofilisika, bei ya tani moja, iliyokuwa zaidi ya pauni 30 mwaka 1929, ikaporomoka. Mwaka 1932 haikufika hata nusu ya hiyo.

Sasa Njombe ilikuwa mbali na reli, wala haikuwa na zao kubwa la kuuza. Lakini serikali ya Waingereza ilidai kodi, na ilitaka fedha. Ndiyo maana wanaume walitembea kwa miguu siku nyingi kwenda mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga. Huko walifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulitolewa kadi ilipojaa. Bei ilipoanguka, wenye mashamba walifanya mambo mawili: walipunguza mshahara, tena walipunguza watu. Wengine waliotoka mbali walifika wakaambiwa hakuna kazi, wakarudi kama walivyokwenda.

Kodi haikungoja bei ya mkonge ipande. Mtu asiyekuwa na fedha aliweza kulazimishwa kuilipa kwa nguvu za mwili wake, kwa kutengeneza barabara na kazi nyingine za serikali. Wengi walikimbilia machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Kwa maana mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga fedha yake na dhahabu, na thamani ya dhahabu ikapanda wakati mazao yakishuka. Hivyo njaa ya kazi iliwafukuza wanaume kutoka mkonge hadi dhahabu, kila mara mbali zaidi na watoto wao.

Hapa twafika kwenye swali letu. Katika miaka ile, nyumba ilikula nini? Ilikula ulezi, mahindi na maharage aliyoyalima mama. Nayo mvua ilipokoma, ilikula matunda ya vinyungu, yaani zile bustani za mabondeni zilimwazo wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Fedha ilikosekana, nguo zikachakaa, mahari zikachelewa. Lakini moto wa jikoni haukuzimika. Tusisahau ni nani aliyebeba mzigo huo. Mwanamke ambaye mume wake alikuwa safarini alifanya kazi yake, tena akaifanya na ile ya mume. Wanaposema wazee kwamba shamba liliokoa nyumba, na tuongeze neno moja la haki: shamba na mgongo wa mama.

Mfanyakazi wa Berlin au wa Chicago hakuwa na kinyungu. Siku aliyofukuzwa, siku hiyohiyo chakula chake kilikuwa mikononi mwa wengine, akapanga mstari kungoja bakuli la supu. Taabu hiyo ilikuwa kubwa hata Papa Pius wa 11, tarehe 2 Oktoba mwaka 1931, alitoa waraka maalumu juu ya ukosefu wa kazi, akiwahimiza waamini waje kuwasaidia wenye shida, hasa watoto. Tulioona picha za mistari ile ya watu wenye kofia na makoti mazuri, wameinamisha vichwa, twatambua ya kuwa asiye na kazi hapungukiwi na mkate tu. Huona haya.

Basi, je, Njombe ilijifunza? Kwa sehemu. Baada ya vita vikuu vya pili wanaume walirudi tena mkonge kwa maelfu, wakichukuliwa kwa malori kama manamba. Wenye mashamba walikuwa wameanzisha SILABU mwaka 1944, shirika lao la kutafuta wafanyakazi. Hali ya mkonge ikaonekana nzuri, hata mwaka 1964 Tanzania ikatoa tani zipatazo 230,000. Kisha bei ikaanguka tena, kwa kuwa viwanda vya ng'ambo vilianza kutengeneza kamba za plastiki. Pamoja na hayo mishahara ilikuwa imepandishwa kwa sheria baada ya Uhuru, na wenye mashamba wakaona nafuu kubaki na watu wachache. Njia ya manamba, iliyolisha fedha nyumba nyingi za Njombe, ikafungika katika miaka michache. Kwa mara ya pili watu walirudi kwenye jembe. Jembe lilikuwapo, na ardhi ilikuwapo.

Neno hilo la mwisho ndilo linalotutia wasiwasi leo. Nchi ya Njombe imekuwa nchi ya miti. Miwati ilipandwa kwa wingi tangu kampuni ya TANWAT ilipoanzishwa mwaka 1949. Leo misindano na mikaratusi imefunika vilima. Hatuilaani miti hata kidogo. Imejenga nyumba za bati, imelipa karo, imewapa vijana wa Makambako mashine za kupasua mbao. Lakini mti hauliki. Bei ya mbao ikianguka, mwenye shamba la miti peke yake hana tofauti na yule mtu wa Chicago. Tena yuko aliye katika hatari zaidi: yule aliyekwisha kuuza shamba la wazee wake kwa mtu wa mjini, akanunua pikipiki, na sasa ni kibarua katika ardhi iliyokuwa yake. Huyo, kazi ikikosekana, atarudi wapi?

Kwa hiyo twatoa mashauri manne, nasi twaamini kwamba yafaa Njombe na kwingineko pia.

Kwanza, kila nyumba iliyo na ardhi itenge sehemu ya chakula isiyouzwa wala kupandwa miti, hata bei ikiwa nzuri namna gani. Mabonde ya vinyungu yalindwe, wala mikaratusi isipandwe kando ya maji, maana hunywa sana. Akiba haiozi, nayo ardhi ni akiba ya mwisho.

Pili, shamba lisiuzwe na mtu mmoja gizani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenziwe. Maana ya sheria hiyo yapasa kukaa moyoni hata kwa shamba. Aliyebeba mgongoni chakula cha nyumba asipate habari za kuuzwa kwake kutoka kwa majirani.

Tatu, baba aliyeachishwa kazi amwambie mkewe siku ileile. Twawajua watu waliotoka nyumbani kila asubuhi kama waendao kazini, wakashinda penye ulanzi hadi jua likatua, kwa sababu ya aibu. Deni likafichwa, kisha likazaa deni. Shida iliyosemwa ina watu wawili wa kuibeba; iliyofichwa humvunja mmoja na kuwashangaza wote. Nao akina mama wasimpokee mume kwa masimango, kwa maana aliyefukuzwa na soko la dunia hakufukuzwa kwa uvivu wake.

Nne, mwajiri mwenye vibarua 5 au 50 akumbuke ya kuwa kumwachisha mtu ni neno la mwisho. Bei ikishuka, mara nyingine yawezekana watu wote wakagawana siku za kazi kuliko wachache kushiba na wengine kukosa kabisa. Walio na kazi nao wasimcheke asiye nayo. Zamu zaweza kubadilika kabla ya masika mengine.

Hatuwezi kuamuru bei ya mbao, ya chai wala ya parachichi. Zitapanda na kushuka kama ilivyofanya katani. Lakini ni nani atakayelala njaa zitakaposhuka, jambo hilo kwa sehemu kubwa huamuliwa mapema, siku ya neema, na watu wawili walioketi mekoni wakizungumza kama waliuze shamba au wasiliuze. Twawasihi akina baba na akina mama wafanye mazungumzo hayo juma hili, wakati malori bado yanapita.