Jarida Jipya Tabora: Namna ya Kujua Vijana Wanataka Kusoma Nini

Kama wewe na wenzako mnapanga kuanzisha jarida la habari na matukio kwa vijana wa Tabora, kuna kazi ya kufanya kabla ya kuchagua jina au kutafuta mchapaji. Nendeni mkawasikilize vijana wenyewe. Kazi hiyo huitwa utafiti wa wasomaji, yaani kuchunguza watu wanasoma nini, wanakipata wapi na kama wako tayari kukitolea hela. Haihitaji shahada. Watu watatu wenye subira, kaunta buku moja na bajeti ya shilingi 150,000 hadi 200,000 vinatosha kwa kuanzia.

Swali la kwanza mtakalokutana nalo ni hili: kijana ni nani? Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimtaja kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Huo ni umri mpana mno. Ndani yake yumo binti wa kidato cha pili na yumo baba wa watoto watatu anayelima tumbaku Kaliua. Femina, jarida la vijana lililoanza Dar es Salaam mwaka 1999, liliwalenga zaidi wanafunzi wa sekondari. Mwaka 2003 shirika lililokuwa likilichapisha likaanzisha jarida la pili, Si Mchezo!, kwa vijana wa vijijini walio nje ya shule, lenye Kiswahili chepesi na picha nyingi zaidi. Waliona kwamba jarida moja halitawatosha wote. Nanyi chagueni mapema mnamwandikia nani hasa.

Kwa Tabora, nashauri makundi manne: wanafunzi wa sekondari, wanachuo, vijana wa mjini wanaojitafutia riziki kama bodaboda, mafundi na mama ntilie, na vijana wa vijijini. Tafuteni watu 15 kila kundi, karibu nusu yao wasichana. Jumla ni 60. Hao ndio sampuli yenu, yaani watu wachache mnaowauliza ili kupata picha ya wengi.

Hapa pana mtego. Ni rahisi kwenda Tabora Wavulana, shule aliyosoma Mwalimu Nyerere, mkapata majibu yote kwa asubuhi moja. Lakini shule ile huchukua wanafunzi kutoka mikoa mbalimbali. Majibu yao ni ya thamani, ila hayawezi kusimama badala ya yale ya kijana wa mitaa ya mjini kama Ng'ambo au Isevya. Ongezeni shule ya kata, ambako wanafunzi wengi hulala kwao. Kisha mfuateni kijana wa kijijini hukohuko, kwa mfano Urambo au Sikonge, msimsubiri aje stendi.

Je, ruhusa inatakiwa? Ndiyo, na haina ugumu. Kwa shule za sekondari, andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, mpeleke nakala kwa afisa elimu sekondari, kisha mwoneni mkuu wa shule. Chuoni anzeni kwa mshauri wa wanafunzi. Kijijini pitieni kwanza kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, mjitambulishe na kueleza shida yenu. Kwenye kijiwe cha bodaboda zungumzeni na mwenyekiti wa kijiwe. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, hivyo pateni kibali cha mzazi, mlezi au shule.

Sasa tuje kwenye maswali, maana utafiti mwingi huharibikia hapa. Ukimuuliza kijana, "Je, unapenda kusoma habari?" atasema ndiyo. Hakudanganyi, anakuheshimu. Ukimuuliza, "Ungenunua jarida letu?" atasema ndiyo tena. Majibu ya namna hiyo yameingiza watu wengi hasara. Uliza kilichokwisha kufanyika: "Jana na juzi ulisoma au kusikia habari gani? Uliipata wapi, kwenye simu, redioni, gazetini au kwa mtu? Ulimsimulia nani?" Halafu: "Mara ya mwisho kutoa hela yako kununua kitu cha kusoma ilikuwa lini? Kilikuwa nini?" Na swali ninalolipenda kuliko yote: "Ni jambo gani ulitaka kulielewa mwaka huu ukakosa wa kukueleza?" Hapo kalamu isitue. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, maana ndiyo yatakayowapa vichwa vya habari.

Maswali yasizidi kumi. Ulizeni kwa mdomo, mwandike wenyewe, kwa sababu karatasi ya kujaza humtisha asiyezoea kuandika. Salamu isisahauliwe. Mkifika kijijini asubuhi, "Mwangaluka" hufungua milango ambayo barua haiwezi kuifungua.

Baada ya maswali, onyesheni kitu cha kushika mkononi. Tengenezeni kurasa nne za majaribio, kila moja na habari yake. Ya kwanza inaweza kueleza mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya vijana, na hatua za kuiomba. Ya pili iwe ya bei ya tumbaku na asali. Ya tatu iwe ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walioibeba biashara ile mabegani. Ya nne iwe ya michezo. Mpe kijana zote nne, kaa kimya, uangalie. Ameanza na ipi? Ameiachia wapi? Neno gani limemkwamisha? Dakika kumi za kumtazama msomaji zinafundisha kuliko saa nzima ya mahojiano.

Angalieni pia kalenda. Novemba kidato cha nne wana mtihani wa taifa, na kati ya Desemba na Machi vijana wa vijijini wako shambani. Juni hadi Agosti kunafaa zaidi vijijini, ila shuleni epukeni wiki za likizo.

Gharama ni hizi. Kadirieni shilingi 100 kwa ukurasa wa kopi: karatasi za maswali 60 zenye kurasa mbili ni shilingi 12,000. Nakala 20 za kurasa zenu nne ni shilingi 8,000. Wekeni 60,000 za soda za kushukuru. Zinazobaki ni nauli na chakula chenu. Bei hubadilika, basi ulizeni steshenari mbili tatu kwanza.

Msichukue majina. Umri, jinsia, kazi na mahali vinatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watu, na kijana asiyeandikwa jina huongea kwa uhuru zaidi.

Kuhesabu ni kazi ya jioni moja. Chora jedwali kwenye kaunta buku, kila jibu kijiti kimoja, kila kundi safu yake. Someni kundi kwa kundi kabla ya kujumlisha. Wanafunzi wa bweni, ambao hawaruhusiwi simu shuleni, huenda wakahitaji karatasi, na dereva wa bodaboda akataka habari fupi kwenye simu. Mkijumlisha mapema, tofauti hiyo itapotea. Na mkitangaza matokeo, semeni wazi kwamba ni maoni ya vijana 60, si takwimu za mkoa mzima.

Mkishaamua kuchapisha, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka mpate kwanza leseni kutoka Idara ya Habari, MAELEZO. Fuatilieni mapema. Na toleo la kwanza likitoka, warudishieni nakala wale waliowapa muda wao, mkianza na wa kijijini, kwa kuwa ndio watakaolipata kwa shida kuliko wote.