Mche wa sabuni si dawa ya mtoto aliyekosa choo

SWALI: Daktari, nina mtoto wa kiume, ndiye mzaliwa wangu wa kwanza, ana miezi miwili na wiki moja. Namnyonyesha maziwa yangu tu. Alikuwa anapata choo mara tatu au nne kwa siku, lakini leo ni siku ya sita hajapata. Anajikamua mpaka uso unamwiva, analia, halafu anatoa upepo. Ananyonya vizuri na anakojoa sana. Mama mkwe amekuja kutoka kijijini kunisaidia uzazi, anasema mtoto ana mchango, na ameshachonga kipande cha sabuni ili amwekee njia ya haja kubwa. Nimemwomba asubiri kidogo. Mume wangu yuko upande wa mama yake. Nifanye nini?
Mama mzazi, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Mama, usikubali mtoto awekewe sabuni, leo wala siku nyingine. Naanza na hilo kwa kuwa umesema kipande kimeshachongwa.

Kwa maelezo yako, mwanao haonekani kuwa amefunga choo. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee, akishavuka kama wiki ya 6, anaweza kukaa siku 7 na hata 10 bila kupata choo na akawa mzima kabisa. Maziwa ya mama humeng'enywa karibu yote, na kinachobaki ni kidogo. Siku choo kitakapotoka kitakuwa kingi, laini, cha njano, na huenda kikavuka nepi mpaka mgongoni. Mfulie nguo, mnyonyeshe, muendelee na maisha.

Akina mama wengi wanaokuja kwangu na wasiwasi huu hunitajia idadi ya siku. Mimi huwauliza: choo cha mwisho kilikuwaje? Mtoto aliyefunga choo hutoa choo kigumu na kikavu, vidonge vidonge kama mavi ya mbuzi. Anaumia wakati wa kukitoa, na pengine utaona mstari wa damu mbichi kwa sababu choo kimemchana. Mtoto wa namna hiyo amefunga choo hata kama anakwenda kila siku. Aliyekaa siku nane akatoa choo laini hajafunga.

Kujikamua nako kunawatisha wengi bure. Mtoto wa miezi miwili bado hajajua kusukuma na kulegeza njia kwa wakati mmoja. Anasukuma huku amebana, ndiyo maana anaiva uso na kulia, pengine kwa dakika 10 au 20, kisha anatoa choo laini au upepo tu. Anajifunza, na hali hiyo huisha yenyewe kadiri anavyokua.

Lakini uangalie umri. Mtoto wa wiki mbili au tatu anayeshiba hupata choo mara kadhaa kwa siku. Choo kikiadimika katika umri huo, huenda maziwa hayamfikii ya kutosha. Huyo apelekwe kliniki apimwe uzito, na muuguzi atazame anavyoshika titi.

Sasa turudi kwenye sabuni, maana nimechoka kuiona. Nimeikuta kwa watu wa mjini na wa shamba, kwa waliosoma na wasiosoma, na kila mmoja ananiambia kwa uhakika kwamba inafanya kazi. Kinachofanyika ni hiki. Sabuni ya kufulia hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali ya kostiki. Ukiiingiza kwenye ngozi laini ya ndani ya mtoto, inaunguza. Utumbo ulioungua hujikaza ili ufukuze kile kinachouchoma, na choo kilichokuwa karibu kutoka hutoka pamoja nacho. Familia inaona choo, inashukuru sabuni. Hakuna anayeona utando uliobabuka ndani, wala anayejua kwamba choo hicho kingetoka chenyewe jioni ile au kesho yake.

Madhara hayaishii kwenye kuungua. Kipande kilichochongwa kwa kisu kina ncha, na mtoto hatulii. Utumbo wa mtoto mchanga ni mwembamba, unaweza kuchanika, na ukichanika vijidudu vya kinyesi vinaingia tumboni. Tena mtoto anayechokonolewa kila akijikamua hukosa nafasi ya kujifunza kutoa choo mwenyewe. Anazoea kusubiri kuchokonolewa.

Baya kuliko yote, sabuni huficha ugonjwa. Nakumbuka mtoto wa miezi minne aliyeletwa akiwa amevimba tumbo hadi ngozi inang'aa, akitapika matapishi ya kijani. Tangu azaliwe hakuwahi kupata choo mwenyewe. Kila zilipopita siku kadhaa aliwekewa sabuni, choo kinatoka kwa kishindo, tumbo linanywea, na nyumba nzima inaridhika. Mtoto yule alizaliwa na sehemu ya utumbo mpana isiyo na seli za neva zinazouwezesha kusukuma choo. Ni ugonjwa unaoitwa Hirschsprung, kwa jina la daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886, na humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Tiba yake ni upasuaji, nao hufanyika hapa nchini katika hospitali kubwa za rufaa. Alipasuliwa akapona, lakini aliingia chumba cha upasuaji akiwa amekonda na utumbo umeshambuliwa na vijidudu. Dalili yake ya kwanza ilionekana tangu siku za mwanzo: choo cheusi cha kwanza, ambacho kwa kawaida hutoka ndani ya saa 24 na kisizidi saa 48, kilichelewa. Miezi minne ya sabuni ilimpa kila mtu sababu ya kutokwenda hospitali.

Najua bibi atasema, "Mbona hata huyo mumeo nilimwekea, na amekua?" Amekua, tumshukuru Mungu. Amekua kwa sababu hakuwa mgonjwa, na watoto wengi wanaowekewa sabuni hawakuwa wagonjwa tangu mwanzo. Wale waliokuwa wagonjwa hawapo kwenye hesabu ya bibi, kwa sababu ikisemwa walikufa kwa mchango, hakuna anayeitaja sabuni.

Dawa nyingine za nyumbani nitazipitia kwa haraka, maana zote zina jibu moja: hapana. Maji ya sabuni au ya majani yanayosukumwa ndani kwa kipira yanaweza kutoboa utumbo, kuharibu figo na kuvuruga chumvi za mwili. Mafuta ya nyonyo na shubiri huleta msokoto wa tumbo na kuharisha, na mtoto mdogo hukaukiwa maji upesi. Zile chupa za dawa ya tumbo zinazouzwa madukani hazimsaidii mtoto huyu, zinamjaza tumbo tu. Maji matupu, maji ya sukari na glukosi humpunguzia hamu ya maziwa na kumletea vijidudu. Maji yakizidi hushusha chumvi mwilini hadi akapata degedege. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, na maziwa hayo yana maji yote anayohitaji, hata katika joto la Dar es Salaam.

Asali ina hatari yake ya pekee. Inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachoota ndani ya utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka 1 na kutoa sumu inayolegeza misuli. Dalili ya kwanza ya sumu hiyo mara nyingi ni kukosa choo. Kisha mtoto anashindwa kunyonya, sauti ya kulia inafifia, kope zinalegea, na mwisho hata kupumua kunamshinda. Ukimpa asali ili apate choo, unaweza kumletea ugonjwa unaoanza kwa kumnyima choo. Asali isubiri mpaka atimize mwaka.

Unachoweza kufanya nyumbani ni hiki. Mlaze chali, shika miguu yake, umkunje magoti taratibu kuelekea tumboni, kisha umchezeshe miguu mmoja baada ya mwingine. Mpapase tumbo kwa kiganja chenye joto, ukizunguka kitovu kufuata mwendo wa mishale ya saa, lakini usifanye hivyo mara tu baada ya kunyonya. Mwogeshe maji ya uvuguvugu. Mnyonyeshe kila anapotaka, usiku na mchana. Usimwingizie kitu chochote: sabuni, kidole, njiti wala ncha ya kipimajoto.

Kwa wanaotumia maziwa ya kopo, jambo la kwanza ni kukagua uchanganyaji. Tangulia maji, kisha weka unga kwa kijiko cha kopo hilohilo, kilichosawazishwa juu, kwa idadi iliyoandikwa kwenye kopo. Kijiko cha ziada "ili ashibe" hufanya choo kiwe kigumu na kumkausha maji mtoto. Kupunguza unga ili kopo lidumu nako humdhoofisha. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kabla ya mwaka 1; huweza kumfunga choo na kumpunguzia damu.

Mtoto wa miezi 6 na zaidi aliyeanza kula ndiye hasa hupata choo kigumu, kwa kuwa tumemhamisha kutoka kwenye titi hadi uji mzito usio na kitu kingine. Mpe papai, embe au parachichi vilivyopondwa, mboga za majani zilizopikwa zikasagwa, na maji safi yaliyochemshwa kidogo kidogo, huku akiendelea kunyonya. Choo kikiendelea kuwa kigumu, kliniki watampa dawa ya kulainisha kwa kipimo cha uzito wake. Usiinunue kwa kukisia, wala usiazime chupa ya mtoto wa jirani.

Sasa nisikilizeni wote, maana hapa sitakuwa mpole. Mtoto mwenye dalili yoyote kati ya hizi aende hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku, iwe sikukuu:

– Anatapika matapishi ya kijani, au anatapika kila anachonyonya.
– Tumbo limevimba na limekaza.
– Choo kina damu nyingi, au damu iliyochanganyika na kamasi.
– Analia kwa vipindi, anakunja miguu, ananyamaza akiwa amelegea, kisha anaanza tena.
– Amekataa kunyonya, amelegea, au kilio chake kimekuwa dhaifu.
– Ana homa, au mwili umekuwa wa baridi.
– Nepi zake hazilowi kama kawaida.
– Ni mchanga, na zimepita saa 48 tangu azaliwe bila choo cha kwanza.

Mtoto ambaye haongezeki uzito, anayetoa vidonge vikavu mara kwa mara, au ambaye choo chake cha kwanza kilichelewa na hadi leo anapata choo kwa shida, apelekwe ndani ya siku moja au mbili. Usisubiri mshahara uingie wala bibi amalize dawa zake. Kwa mfano, utumbo uliojikunja ukaingia ndani yake wenyewe unaweza kunyooshwa mtoto akiwahi kufika. Akicheleweshwa, kipande kinaoza na kulazimika kukatwa. Wazazi huniambia, "Tulidhani atapata nafuu asubuhi." Mtoto mchanga hana akiba ya nguvu ya kukusubiri mpaka asubuhi.

Kwa mwanao, mama, hakuna dharura kwa hayo uliyoyaeleza. Wiki ya 10 ya chanjo imekaribia kama si sasa. Nenda na kadi yake, mwombe muuguzi ampime uzito na umweleze habari ya choo. Zikifika siku 10 bila choo, au akianza kuonyesha dalili mojawapo hapo juu, usingoje tarehe ya kliniki.

Kuhusu mama mkwe, usigombane naye. Ameacha nyumba yake ili akulee wewe na mjukuu wake, na hana nia mbaya. Mwambie, "Mama, tunaomba twende wote kliniki, umsikie muuguzi mwenyewe." Bibi aliyemsikia muuguzi kwa masikio yake huwa mlinzi mkali wa mtoto kuliko sisi sote. Mkabidhi kazi ya kumpapasa mtoto tumbo na kumchezesha miguu. Mikono yake imezoea watoto kuliko yako.

Nanyi bibi zetu mnaosomewa safu hii, shikamooni. Mmelea watoto katika nyakati ambazo zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima, mkatumia kilichokuwapo. Leo zahanati ipo karibu zaidi. Tunawaomba muwe wa kwanza kusema, "Mpelekeni."

Na wewe baba wa mtoto, kumsikiliza mama yako ni heshima. Kumlinda mwanao ni wajibu. Weka pembeni nauli ya hospitali kuanzia leo, mkeo ajue ilipo, na asihitaji kuomba ruhusa ya mtu saa atakapoona matapishi ya kijani.