Midomo ya Rufiji: Nchi Iliyojengwa kwa Tope

Watu wengi wakisikia neno "kisiwa" hufikiri Unguja au Mafia, penye mwamba wa matumbawe. Lakini katika wilaya ya Kibiti viko visiwa vingi vya namna nyingine. Hivyo havikusimama juu ya mwamba, bali vimejengwa kwa tope la mto na kushikwa na mizizi ya miti. Basi, na tujifunze jinsi vilivyopata kuwako, na ni nini kiwezacho kuviondoa.

1. Mto. Rufiji ndio mto mkubwa kupita yote ya Tanzania. Huanza pale Kilombero na Luwegu inapokutana, kisha hupokea Ruaha Mkuu. Kwa hiyo mvua inyeshayo katika milima ya Mbeya na Iringa hufika mwisho Kibiti. Maji yashukayo milimani huenda mbio, nayo huchukua mchanga na udongo. Yakifika nchi tambarare hupunguza mwendo. Yakikutana na bahari inayojaa, hukaribia kusimama, na udongo hutua chini. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa maelfu ya miaka udongo huo umeifanya nchi iitwayo delta, na mto umegawanyika kuwa midomo mingi, kama Simba Uranga na Kikunya. Wala mto haushiki njia moja siku zote: katika miaka ya 1970 maji yake mengi yalihamia upande wa kaskazini.

2. Majira. Mwaka hutawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na kusi huvuma katika miezi ya katikati ya mwaka. Kati yake huja mvua za masika na za vuli. Wakati wa masika mto hufurika. Maji yakipunguka, watu wa bondeni hupanda mahindi katika udongo uliolowa. Kilimo hiki chaitwa mlau. Hivyo mafuriko ni chakula, tena ni hofu. Aprili 2024 maji yalipita kiasi, yakaharibu nyumba na mashamba mengi katika Rufiji na Kibiti. Mwezi uliofuata tufani iliyoitwa Hidaya ikafika Mafia. Tufani za namna hiyo ni chache pwani yetu. Wazee walisimulia ile ya Unguja ya mwaka 1872 na ile ya Lindi ya 1952.

3. Miti. Mikoko ya delta yaenea hekta zipatazo 53,000, nayo ni ya aina nane. Miongoni mwake ni mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana na mkomafi. Tope la pwani halina hewa, tena lina chumvi, na miti mingine ingekufa humo. Lakini mkoko husimama juu ya mizizi iliyopindana kama miguu mingi, na mchu hutoa mizizi midogo iliyosimama wima juu ya tope, ipate kuvuta hewa. Mbegu ya mkoko huchipuka ingali juu ya mama yake, kisha huanguka na kujichomeka topeni, au huchukuliwa na maji hata mahali pengine. Mizizi hiyo hulinasa tope, nayo huvunja nguvu ya mawimbi.

4. Wanyama. Katikati ya mizizi hukua kamba, kaa na samaki wachanga. Mitoni wamo viboko na mamba. Ng'ambo, kisiwani Mafia, wako viboko pia. Watu husema kwamba baba zao walichukuliwa na mafuriko ya Rufiji. Tangu Oktoba hata Machi papa potwe, samaki mkubwa kupita wote, huja karibu na Kilindoni kula vijidudu vya baharini. Nguva naye angaliko, ila ni wachache sana. Mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliwekwa. Na mwaka 2004 Rufiji, Mafia na Kilwa ziliandikwa pamoja katika orodha ya Ramsar, ya maeneo ya maji yenye thamani kwa dunia nzima.

5. Hatari. Maji matamu yalipohamia kaskazini, wakulima walikata mikoko wapande mpunga, wakijenga madungu ili kulinda mashamba. Tusiwalaumu upesi, maana njaa haingoji. Lakini baada ya miaka michache magugu na kaa hulishinda shamba, na msitu mwingine hukatwa. Tena bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, latoa umeme kwa nchi nzima. Walakini tope litulialo nyuma ya ukuta wake halifiki pwani. Nchi iliyojengwa kwa tope, ikipewa tope haba, yahitaji zaidi mizizi ya kulishika lile lililopo. Akataye mkoko leo hakati mti tu. Aondoa nguzo ya kisiwa na kitalu cha kamba atakaowatafuta kesho.

Maswali. Kwa nini udongo hutua mto ufikapo baharini? Mchu wavutaje hewa? Mvuvi wa Mafia apata faida gani kwa mikoko ya Kibiti?