Dinari Mbili za Msamaria: Nilichojifunza Kando ya Kitanda cha Mgonjwa



Somo letu leo ni Luka 10:25-37, mfano wa Msamaria Mwema. Najua unaujua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Hata hivyo, fungua Biblia yako uusome tena taratibu, hasa aya ya 34 na 35, halafu urudi hapa. Ukipata nafasi, ongeza Yoshua bin Sira 38:1-15.

Mimi ni mfamasia. Huku Kyela, mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, watu wengi wananiita daktari. Nikikataa wanacheka, kwao kila mwenye koti jeupe ni daktari. Kazi yangu hasa ni ya wodini: kupitia faili la kila mgonjwa, kuangalia kama dawa alizoandikiwa zinamfaa, kama kipimo kinalingana na uzito na hali ya figo zake, kama dawa moja haigombani na nyingine, na kama akiruhusiwa atajua namna ya kuzitumia nyumbani.

Nimefanya kazi katika hospitali za serikali zaidi ya moja. Mambo nitakayosimulia sitasema yalitokea ipi, ili wagonjwa na wenzangu wabaki na heshima yao. Makosa yaliyomo ni yangu mwenyewe.

1. Alimkaribia

Kuhani alimwona yule majeruhi. Mlawi naye alimwona. Msamaria pia alimwona. Wote watatu waliona! Tofauti ni kwamba mmoja alimkaribia.

Nilipokuwa kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo, nilikuwa natoa dawa dirishani. Foleni ndefu, joto, kelele. Siku moja akaja mama amembeba mtoto mgongoni. Cheti kilionyesha malaria ya kawaida, dawa mseto. Nikaandika kwenye pakiti, nikasema, "Asubuhi na jioni, siku tatu. Mwingine!" Sidhani kama nilitumia hata sekunde 15. Nilimwona, lakini sikumkaribia.

Siku kumi baadaye nikamkuta mama yuleyule wodini. Mtoto alikuwa amepata degedege usiku, ameletwa hajitambui. Nikamuuliza kuhusu ile dawa. Akanijibu kwa upole kabisa, "Daktari, alipata nafuu siku ya pili. Zilizobaki nikamwekea mdogo wake, naye akiumwa nisihangaike."

Yule mama hakuwa mzembe, alikuwa anajali watoto wake wote wawili. Hakuna mtu aliyemweleza kwamba dawa mseto ina dozi sita ndani ya siku tatu, kwamba dozi ya pili inatolewa saa nane baada ya ya kwanza, kwamba inyweshwe pamoja na chakula au maziwa ili mwili uipokee vizuri, na kwamba homa kushuka si dalili kwamba vimelea vyote vimekufa. Mtu wa kumweleza nilikuwa mimi.

Kwa malaria kali mtoto huchomwa sindano ya artesunate, na hapo lazima apimwe kwanza kwenye mzani. Aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, wa kilo 20 na zaidi miligramu 2.4. Ya kwanza anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24. Akishaweza kumeza, anamalizia na dozi kamili ya dawa mseto. Mtoto yule alipona, Mungu ashukuriwe. Siku anaruhusiwa nilikaa na mama yake kwenye benchi, tukahesabu vidonge pamoja mpaka yeye ndiye akawa ananieleza mimi.

Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba kwenye kazi hii upendo huanza na swali. Mama, nyumbani utampaje? Ya usiku utampa saa ngapi? Kuna mtoto mwingine anaumwa? Huku kwetu, mvua za masika zikijaza mito na majaruba ya mpunga, mbu hawana likizo. Swali la dakika mbili linaweza kumrudisha mtoto kwenye uhai.

2. Alisimama mahali pa hatari

Njia ya kushuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ilikuwa na wanyang'anyi. Msamaria aliposimama alijiweka hatarini. Huruma bila ujasiri mara nyingi inaishia kwenye "jamani, maskini!"

Tulikuwa na mzee mmoja amelazwa na maambukizi makali. Aliandikiwa gentamaisini, dawa nzuri tu, lakini hutolewa mwilini kupitia figo. Figo zikiwa dhaifu hujikusanya, inaziumiza zaidi, na inaweza kuharibu usikivu wa masikio. Majibu ya damu ya mzee yalionyesha figo haziko sawa. Na kipimo alichoandikiwa kilikuwa cha mtu mwenye figo nzima.

Aliyeandika alikuwa daktari mkubwa, wa miaka mingi kazini. Nikasema mbele ya wote kwenye raundi. Akanitazama. "Dogo, wewe kazi yako iko dirishani." Wengine wakacheka. Akafunga faili, akaenda kitanda kinachofuata.

Nikuambie ukweli, nilitamani kuacha. Moyoni nilishajitetea: nimeshasema, hajasikia, si kosa langu tena. Lakini kwenye korido nilikumbuka Mathayo 18:15, pale Bwana anapotufundisha kumwendea ndugu faraghani kwanza. Na mimi nilikuwa nimemsahihisha mtu mzima mbele ya wanafunzi wake! Nikasali Salamu Maria moja, nikachukua majibu ya maabara, nikamfuata ofisini.

"Shikamoo, daktari. Samahani kwa pale wodini. Naomba tuangalie figo za yule mzee."

Alisoma. Alikaa kimya muda mrefu, mimi nimesimama tu. Kisha akachukua kalamu akabadilisha dawa. Nilipokuwa mlangoni akasema, "Kesho wahi raundi."

Msinione shujaa. Mwezi huohuo muuguzi mmoja aliniita pembeni akanionyesha nilivyoweka nukta mahali pasipo pake, na dozi ya mtoto ikawa mara kumi. Bado ilikuwa haijatolewa. Niliishiwa nguvu magotini. Kama yeye angeniogopa kwa sababu mimi nina digrii, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Unyenyekevu hospitalini unaokoa maisha: kuwa na ujasiri wa kusema, na kuwa mwepesi wa kuambiwa.

3. Dinari mbili

Kuna mtu kwenye mfano huu tunamsahau: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimkabidhi dinari mbili na kumwambia amtunze mgonjwa. Fedha haikuwa yake. Ilikuwa ya mgonjwa, ikiwa mikononi mwake.

Sisi watumishi wa hospitali za serikali ni huyo mwenye nyumba. Dawa zinatoka Bohari ya Dawa, zimenunuliwa kwa kodi ya mkulima wa kakao wa Ipinda na ya mama muuza dagaa. Zikiwa stoo ni dinari mbili tulizokabidhiwa.

Mjomba wangu ana duka la dawa. Ndiye aliyenilipia ada sekondari baada ya baba kufariki. Jioni moja alinipigia simu. Tukasalimiana vizuri, kisha akasema, "Mjomba, mwezi huu biashara imekaa vibaya. Nitafutie makopo machache ya antibiotiki huko kwenu. Nani atajua?"

Sikulala usiku ule. Kumkatalia mgeni ni rahisi, lakini huyu ni mtu aliyekuvalisha viatu vya shule! Asubuhi nilimpigia. Nikasema, "Mjomba, nakuheshimu kama baba. Niombe kitu cha mfukoni kwangu, nitakupa. Hizi si zangu." Akakata simu.

Karibu mwaka mzima hatukuzungumza. Sasa tunasalimiana, lakini bado haijawa kama zamani. Siwezi kuwadanganya kwamba ukitenda haki kila kitu kitanyooka kesho yake. Ninachojua ni kwamba antibiotiki ilipopungua wodini miezi michache baadaye, tulikuwa tunahesabu chupa moja moja, na niliweza kuwatazama wagonjwa usoni. Katekisimu, namba 2409, inahesabu kujichukulia mali ya wote kwa faida binafsi, na hata kazi iliyofanywa ovyo, kuwa kinyume cha amri ya saba. Soma tena: hata kazi iliyofanywa ovyo. Kumbe zile sekunde 15 za dirishani nazo zina nafasi kwenye kitubio.

4. "Nitakaporudi"

Msamaria hakumimina mafuta na divai, dawa za wakati ule, kisha akaondoka moja kwa moja. Aliahidi kurudi. Hapa ndipo ninapoiona kazi yangu yote.

Bibi mmoja kutoka vijiji vya kule upande wa Matema, chini ya Milima ya Livingstone, alikuwa anatibiwa presha. Kila akija presha iko juu, na kila akiulizwa kama anakunywa dawa, anajibu, "Ndiyo, mwanangu." Ilikuwa rahisi kumwongezea dawa ya pili, ya tatu.

Siku moja nikaacha Kiswahili. Nikamsalimia, "Mugonile, bibi." Uso ukafunguka. Tukaongea mvua, mpunga, wajukuu. Kisha akaniambia mwenyewe: anameza kidonge siku kichwa kinapouma tu, ili visiishe haraka, kwa sababu nauli ya kufuata vingine ni kubwa. Hakuhitaji dawa ya pili. Tulizungumza na daktari apewe za muda mrefu zaidi, na vipimo vya katikati afanyiwe kwenye zahanati ya karibu. Nikamweleza kwamba presha ni kama maji ya ziwa usiku: yanapanda kimya, kichwa kisipouma si kwamba imeshuka. Aliporudi presha ilikuwa imetulia. "Ndaga fijo," akasema, asante sana. Nami nikamshukuru Mungu, maana bila lugha ya mama zangu ningeendelea kumpa dawa bila kumsikiliza.

Dawa na sala havigombani

Vijana wengine wananiuliza: kama Mungu anaponya, dawa za nini? Yoshua bin Sira anatufundisha kwamba Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka katika ardhi, na anamtaja hata mtengeneza dawa. Hapohapo anatuambia tusali tunapougua, kisha tumpe daktari nafasi yake. Artesunate yenyewe asili yake ni mmea, artemisia, ambao utafiti wake ulimpatia mwanasayansi wa China, Tu Youyou, Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Na zamani, karne ya 17, Wajesuiti ndio walioeneza Ulaya gome la mti wa Peru lenye kwinini, hata likaitwa unga wa Wajesuiti. Watakatifu Kosma na Damiano, wasimamizi wetu tunaowakumbuka tarehe 26 Septemba, walitibu bila kudai malipo na wakafa mashahidi. Kwa hiyo mpake mgonjwa mafuta matakatifu kwa mkono wa padre, na kidonge chake ameze kwa saa yake.

Unayesoma Kemia na Baiolojia na unahisi wito huu, usiogope. Shahada ni miaka minne, kisha mwaka wa mafunzo kwa vitendo na usajili wa Baraza la Famasi. Muhimbili wanafundisha, na hata Kanisa letu lina chuo chake cha afya Bugando, Mwanza. Lakini anza sasa kujizoeza kusikiliza watu.

Pale Matema wanauzwa vyungu vya Ikombe, vilivyofinyangwa kwa mikono. Vizuri, lakini ukikiangusha kimoja, basi. Nikiviona nakumbuka 2 Wakorintho 4:7: hazina ya Mungu imo katika vyombo vya udongo. Mgonjwa ni udongo, na mimi mwenye koti jeupe ni udongo vilevile.

Maswali ya kutafakari

1. Ni nani ninayemwona kila siku lakini sijamkaribia?
2. Ni ukweli gani ninaogopa kuusema? Na nikiusema, nausema mbele za watu au faraghani?
3. "Dinari mbili" zangu ni zipi: fedha ya kikundi, muda wa mwajiri, ada ya mzazi?

Azimio la wiki: Mtembelee mgonjwa mmoja. Muulize anatumiaje dawa zake, kisha umsikilize mpaka mwisho. Ukiona tatizo usimbadilishie mwenyewe, msindikize hospitali. Na usiache kurudi kumwona.

Tusali

Ee Yesu, Mganga wa roho na miili, ulitukaribia tulipokuwa tumelala njiani. Utupe macho ya kuona, miguu ya kukaribia, ulimi wa kusema kweli kwa upole, na mikono isiyogusa kisicho chake. Uwabariki wagonjwa wetu na wote wanaokesha nao usiku huu. Na utakaporudi, utukute tukiwa bado tunawatunza wale uliotukabidhi. Amina.

Watakatifu Kosma na Damiano, mtuombee.