Seva Zinapomeza RAM Umeme Ukirudi

Umeme umekatika Rumonge, umerudi baada ya saa mbili, na seva iliyozimika sasa inameza RAM mpaka keneli inaanza kuua huduma. Ikiwa data za hospitali au chama chenu cha akiba zimehifadhiwa kwa Ceph, usikimbilie kuiwasha upya. Kila inapoanza upya, seva wenzake hulazimika kukubaliana tena nani ana nakala ipi, na kazi inaongezeka.

Anza na hesabu. Ceph hugawa data kwenye diski za seva nyingi, kwa kawaida nakala tatu, na kila diski ina huduma yake iitwayo OSD. Kiwango cha memori cha kila OSD, osd_memory_target, ni GB 4 usipokibadilisha. Seva yenye diski nane inahitaji GB 32 kabla ya kuhesabu mfumo wenyewe. Ukiwa na seva ya mtumba yenye GB 16, hakuna ugonjwa wa kutafuta: nunua RAM au punguza diski. Kukishusha kiwango kunawezekana, ila chini ya GB 2 ni kujitafutia balaa.

Tena kiwango hicho ni lengo, si ukuta. OSD hulivuka inapofufua nakala, ndiyo maana inashauriwa kuacha asilimia 20 ya ziada.

Hesabu ikikaa sawa, andika ceph -s. Ukiona nakala bado zinafufuliwa, subiri. Zikiisha na memori haijashuka, ingia kwenye seva husika uandike ceph daemon osd.0 dump_mempools, ukiweka namba ya OSD yako. Matokeo yake ndiyo ushahidi. Fungu la osd_pglog likiwa kubwa, ni kumbukumbu za mabadiliko zinazokaa ndani ya RAM. Diski moja ikikosekana, wenzake huzirefusha, kama daftari la madeni la muuza ndagala aliyekosekana sokoni wiki nzima. Fungu la osdmap likivimba, tazama mtandao: seva zinazopotea na kurudi kila mara hurundika ramani za zamani. Jumla ya mafungu ikiwa ndogo kuliko memori inayoonekana kwenye amri ya top, basi memori imeachwa bila kurudishwa kwa mfumo. Andika ceph tell osd.0 heap release kuirudisha.

Kuna jambo la kufanya mapema. Kundi likiwa na seva nne au zaidi na moja ikazimika, dakika 10 zikipita Ceph huziondoa diski zake kwenye hesabu na kuanza kujenga nakala kwingine, kazi inayokula memori na mtandao bure ikiwa umeme utarudi baada ya saa moja. Mkijua umeme utakatwa, andika ceph osd set noout ili diski zisiondolewe. Umeme ukirudi, iondoe kwa ceph osd unset noout. Kuisahau ni hatari, kwa sababu diski ikifa kweli hakuna kitakachojengwa.

Na msishawishike kutawanya kundi moja Bujumbura, Rumonge na Nyanza-Lac kwa kuwa barabara ya RN3 inaunganisha miji hiyo. Kila maandishi husubiri nakala zote zithibitishwe, na laini ikiyumba OSD huanguka na kuinuka ovyo. Wekeni seva zote jengo moja, lenye inveta, na usiku tumeni nakala ya akiba Bujumbura.